Mtu wa IT siku hizi inabidi ajue mzigo unaingiaje stoo

Miaka kumi iliyopita ungeniuliza kazi yangu ofisini ni nini ningekujibu haraka tu, sava, netiweki, printa, na kuhakikisha imeili zinafika. Leo kile chumba chenye AC kilichokuwa na sava kimegeuzwa stoo ya karatasi, imeili zipo kwa Microsoft, bakapu inajifanya yenyewe usiku, na asubuhi nikifika kazini mara nyingi naanzia kwa wahasibu au kwa watu wa manunuzi kabla hata sijawasha kompyuta yangu. Watu wa IT ninaofahamiana nao wengi wapo kwenye hali hiyohiyo na wengine wameingiwa na hofu kweli, wanasema kazi yetu inakufa. Haifi jamani, ila inahama, na naongelea hasa IT ya kampuni ya kawaida, inayouza mafuta ya kupikia, saruji, bima au dawa, sio kampuni inayotengeneza programu. Inatoka kwenye mashine inaenda kwenye namna kazi inavyofanyika, na nataka nieleze inahamia wapi hasa na kwa nini, maana hili jambo huwa linaelezwa kwa maneno makubwa makubwa mpaka mtu anachoka kabla hajaelewa.

Nianzie stoo. Niliwahi kufanya kazi kampuni moja ya usambazaji hapa Dar, mafuta, sabuni, unga, vitu vya dukani, na kila Jumatatu asubuhi ugomvi ulikuwa uleule, mfumo unasema kuna katoni 40 za sabuni wakati stoo zipo 300, au mfumo unasema 300 na stoo hakuna kitu, watu wa mauzo wameshamwambia mteja aje kumbe mzigo haupo. Ofisi nzima kauli yao moja, sistimu mbovu. Sisi tukafanya yale tuliyosomea, tukaongeza memori kwenye sava, tukaandika ripoti upya, tukabadilisha skana za bakodi, tukamwita na fundi wa kampuni iliyotuuzia mfumo akakaa siku tatu. Jumatatu ikifika, palepale.

Jumamosi moja jioni nikaamua kwenda kukaa stoo mwenyewe, sina mpango wowote, nataka tu nione. Saa mbili usiku likaingia lori. Nikamwamkia mzee wa stoo, akaitikia marahaba, akachukua kaunta buku lililokunjika pembe, vibarua wanashusha yeye anahesabu na kuandika kwa kalamu, tarehe, namba ya gari, katoni ngapi, zilizopasuka ngapi. Nikamuuliza, mzee mbona huingizi kwenye mfumo, si kompyuta hiyo hapo? Akaniita nione. Mfumo ulikuwa haupokei mzigo wowote usio na LPO, yaani ile hati ya oda tunayompa saplaya, na ofisi ya manunuzi inafunga Jumamosi saa saba mchana, kwa hiyo LPO ya lile lori itaandikwa Jumatatu watu wakishafika na kunywa chai. "Mwanangu," akaniambia, "mzigo hauwezi kulala nje unasubiri karatasi." Alfajiri ya Jumapili wateja wa Kariakoo wanakuja na fuso zao, wanachukua mzigo uleule ambao mfumo haujui kama upo, mzee anaandika tena kwenye kaunta buku, na Jumatatu karani anaingiza kurasa nne tano kwa mpigo, akiruka mstari mmoja tu ndo ule ugomvi wetu.

Kompyuta haikuwa na kosa lolote pale. Mfumo ulikuwa unafanya sawasawa na ulivyoambiwa, na hata ile kanuni ya LPO kwanza iliwekwa kwa nia nzuri, kuzuia watu wasipokee mizigo ya kienyeji, ila aliyeiweka hakujua malori yanafika saa ngapi. Na mimi nilikuwa na miaka mitatu pale, najua aina ya kila swichi ya netiweki kwenye jengo, sijui malori yanafika saa ngapi.

Sasa hicho ndo kinachoitwa mchakato wa biashara. Ni njia ambayo kitu kimoja kinapita tangu kinaanza mpaka kinaisha, kupitia mikono ya watu wengi. Chukua manunuzi, idara inaomba kitu, manunuzi wanatoa LPO, saplaya analeta mzigo na delivari noti, stoo wanaupokea na kuandika GRN, hati ya kuthibitisha mzigo umepokelewa, saplaya anatuma invoisi, mhasibu anakaa na zile karatasi tatu, LPO, GRN na invoisi, anaangalia kama zinakubaliana, meneja anaidhinisha, benki inalipa, na katikati hapo kuna risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, ambayo bila hiyo VAT ya asilimia 18 uliyolipa huwezi kuidai. Hiyo njia inapita kwa watu sita au saba na hakuna hata mmoja wao anayeiona yote. Manunuzi anaishia kwenye LPO, stoo anaishia kwenye GRN, mhasibu anaanza kuona vitu vikishakuwa karatasi mezani kwake. Mtu pekee ambaye kila hatua inaacha alama kwake ni yule anayeshika mfumo. Hii mimi naona ndo sababu kubwa kazi inahamia kwetu, wala hatukuomba, ni kwamba tumekaa mahali ambapo njia nzima inaonekana, na miaka yote tulikuwa tumeipa mgongo tunaangalia waya.

Na ukirudi nyuma utakuta mwanzoni ilikuwa hivyohivyo. Kompyuta ya kwanza kufanya kazi za kila siku za biashara haikutoka kwenye kampuni ya kompyuta, ilitoka J. Lyons, kampuni ya Uingereza iliyokuwa na migahawa ya chai na bekari za mikate na keki. Waliiita LEO, na Novemba 1951 ilikuwa inapiga hesabu za gharama za bekari. Waliwezaje? Lyons walikuwa na ofisi maalum hata kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, watu ambao kazi yao ni kuzunguka idara kwa idara kuangalia karatasi inatoka wapi, inaenda kwa nani, na kama ina haja ya kuwepo. David Caminer, aliyekuja kusimamia kazi za LEO, alitokea kwenye ofisi hiyo, aliingia kampuni akiwa anafundishwa umeneja. Miaka michache baadaye wakaiwekea LEO kazi ya oda za migahawa, na mtindo wao ninaupenda mpaka leo. Kila mgahawa ulikuwa na oda yake ya kudumu ndani ya kompyuta, halafu mchana karani anampigia simu mwanamama anayesimamia mgahawa, na yule mama hasomi oda nzima, anataja tu kilichobadilika, ongeza hiki, punguza kile, karani anatoboa matundu kwenye kadi ambayo kompyuta itaisoma, hapohapo simu ikiwa sikioni. Yule mama wala hakujali kompyuta ikoje, ila mtu alikuwa ameshakaa na kugundua kwamba oda ya leo inafanana sana na ya jana.

Hiyo habari nilikuja kuisoma baadaye, nikashtuka, maana suluhisho letu la stoo lilikuwa ndugu yake kabisa. Tulifungua LPO ya kudumu ya mwezi kwa wale saplaya watano wanaoleta kila wiki, tukaweka kiwango cha juu, mzee wa stoo akawa anapokea juu ya hiyo LPO saa yoyote lori linapoingia, na kikizidi au kikiwa kitu kipya mfumo unatuma ombi kwenye simu ya meneja. Kuseti ilichukua siku mbili. Kukubaliana na manunuzi, uhasibu na mkaguzi wa ndani ilichukua wiki tatu, mkaguzi alikuwa na maswali ya haki kabisa, nani anaweka kiwango, nani anakibadilisha, saplaya akipandisha bei katikati ya mwezi inakuwaje. Zile wiki tatu ndo kazi ya IT ya sasa.

Kwa nini imekuwa hivi miaka hii na sio miaka 20 iliyopita? Kwanza klaudi, yaani kutumia kompyuta za kukodi kupitia intaneti. Amazon walianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi data na kompyuta kwa matumizi mwaka 2006, ila kwetu ilikuwa mbali, intaneti ghali na inakatika. Microsoft wakafungua vituo vyao Afrika Kusini 2019, Amazon wakafungua Cape Town 2020, faiba ikasambaa, na bosi wa fedha akaanza kuuliza kwa nini tunanunua sava ya mamilioni na jenereta ya kuilinda. Akili mnemba nayo ikaja kwenye kuandika programu, GitHub Copilot, msaidizi wa waandika programu, ilijaribiwa 2021, ChatGPT Novemba 2022, na leo ripoti niliyokuwa naikalia siku mbili naipata kabla chai haijapoa. Lakini iulize kwa nini stoo na mfumo havikubaliani, itakupa sababu kumi nzuri za kwenye vitabu, ya lori la saa mbili usiku haitakuwemo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuiandika popote zaidi ya mle kwenye kaunta buku.

Lakini sababu ambayo watu hawaizungumzii vya kutosha ni programu za kununua. Zamani kampuni ikinunua ERP, yaani programu moja ya kuendesha manunuzi, stoo, mauzo na uhasibu, iwe ya SAP au nyingine, ilikuwa kawaida kuikata na kuishona mpaka ifanane na kampuni, na hapo ndo waandika programu walipata ulaji. Siku hizi toleo la klaudi ni la wote, mwenye programu anasasisha kwa wateja wote, na kila ulichokishona pembeni kinakuwa mzigo wako. SAP wenyewe wameweka mwisho wa 2027 kuwa mwisho wa matengenezo ya kawaida ya mfumo wao wa zamani, ECC, na makampuni yanayohamia toleo jipya yanaambiwa yarudi kwenye mfumo kama ulivyotoka kiwandani, yaache viraka. Basi swali limegeuka. Zamani ilikuwa, je mfumo unaweza kubadilika utufuate? Sasa ni, katika haya tunayofanya, lipi ndo nguvu yetu sokoni na lipi ni mazoea tu ambayo hakuna anayekumbuka yalianzaje? Hilo swali huwezi kulijibu kama unajua kuandika programu peke yake, na meneja wa idara hawezi kulijibu kama hajui mfumo unaruhusu nini.

Waliolijibu kwa gharama ni Lidl, maduka makubwa ya Ujerumani. Mwaka 2011 walianza kuhamia SAP, na 2018 wakauacha mradi, miaka saba, inasemwa kiasi cha euro milioni 500 zimeshatumika. Kulikuwa na mambo mengi lakini moja lililosemwa sana ni dogo kulisikia, Lidl wanathamini stoku yao kwa bei ya kununulia, wakati mfumo ule wa rejareja ulijengwa kwa bei ya kuuzia. Hebu fikiria katoni ya maji uliyoinunua elfu nne na utaiuza elfu tano na mia tano, kwenye vitabu vya stoo unaiandika elfu ngapi? Ukibadilisha hilo unabadilisha namna ya kupima hasara, namna meneja wa duka anavyopimwa, namna ya kuhesabu mzigo mwisho wa mwaka. Lidl hawakutaka kubadilisha, wakaamua mfumo ubadilishwe, na kila ulipobadilishwa ukazidi kuwa mgumu. Naamini kabisa hawakukosa mainjinia. Lile lilikuwa swali la siku ya kwanza, la kuwekwa mezani kabla hata ya kuchagua mfumo, na anayeweza kuliweka ni mtu anayeijua stoku na anaujua mfumo vyote viwili.

Kuna kisa kingine cha zamani kidogo ambacho Michael Hammer, mtaalamu wa michakato ya biashara wa Marekani, alikiandika 1990, cha kampuni ya magari ya Ford. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 idara yao ya kulipa wasaplaya Amerika Kaskazini ilikuwa na watu zaidi ya 500, wakapanga kuweka kompyuta wabaki kama 400, wakajiona wamepiga hatua. Halafu wakatazama Mazda, kampuni ya magari ya Japani ambako walikuwa na hisa, wakakuta kazi hiyohiyo inafanywa na watu watano. Hata ukisema Mazda ni ndogo, haikuwa ndogo kiasi hicho. Muda wa watu wa Ford ulikuwa unaliwa na zile karatasi tatu nilizotaja juu, LPO, GRN na invoisi, pale zinapogoma kukubaliana. Walichofanya wakaondoa invoisi kabisa, oda inaandikwa kwenye mfumo, mzigo ukifika anayepokea anaangalia kama upo kwenye oda, ukiwepo anabonyeza na malipo yanaenda, usipokuwepo unarudi ulikotoka. Watu wakapungua kwa asilimia 75. Mimi hiyo namba huwa siifurahii sana, kila asilimia pale ni mtu na familia yake, na mtu wa IT anayeingia kwenye michakato ajue kabisa kwamba anashika kitu kinachogusa riziki za watu, asiingie kama anachora ramani ya nyaya.

Sasa hii kazi inafanywaje kwa vitendo. Kuna fani inaitwa uchimbaji wa michakato, kusoma kumbukumbu za mfumo uone kazi inapita wapi kweli, profesa Wil van der Aalst wa Uholanzi ndo anahesabiwa baba yake, na kuna kampuni kama Celonis ya Munich iliyoanzishwa 2011 inauza programu zake kwa bei ya kutisha, lakini msingi wake unaweza kuujaribu kwa eksel leo. Unahitaji safu tatu tu kutoka kwenye mfumo, namba ya kitu chenyewe, tuseme LPO, jina la hatua, na muda hatua ilipofanyika. Panga kwa LPO halafu kwa muda, utaona kila LPO ilivyotembea. Utakuta hii iliombwa Jumatatu ikaidhinishwa Jumanne, ile ikakaa siku tisa kwa meneja mmoja anayesafiri, nyingine imeidhinishwa baada ya mzigo kupokelewa, hapo simama uulize. Ukishapanga hivyo mara moja huwezi tena kukubali kauli ya "mfumo unachelewa", utajua unachelewa wapi na kwa nani. Tatizo lake ni kwamba inaonyesha kilichoingia kwenye mfumo tu, kaunta buku haliko humo, kwa hiyo lazima unyanyuke kwenye kiti.

Na ukinyanyuka nenda kwa adabu. Stoo kipa akiona kijana wa IT amekuja na daftari anauliza maswali, la kwanza linalomjia ni kwamba ametumwa amkamate. Mimi huwa naenda na bosi wake siku ya kwanza, naeleza ninachotafuta, na nikishaandika namwonyesha yeye kabla sijamwonyesha mtu mwingine, arekebishe. Maswali yanayonifaa zaidi ni ya kawaida sana, unaandika nini ambacho hukiingizi kwenye kompyuta? Ukiumwa nani anafanya hii, na anakosea wapi? Hii kopi ya tatu ya delivari noti inaenda kwa nani? Mara mbili nimewahi kukuta kopi ya tatu haiendi popote, inafungwa kwenye maboksi tangu enzi za meneja aliyeshaondoka.

Cha kujifunza kingine ni uhasibu, debiti na krediti, sio lazima uwe na CPA, cheti cha uhasibu, ila ukae na wahasibu mwisho wa mwezi wakifunga vitabu uone wanalia na nini. Na sheria, maana sheria ikibadilika mchakato unabadilika usiku mmoja. Kenya tangu Januari 2024 gharama isiyo na invoisi ya eTIMS, mfumo wa invoisi za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, haikubaliki kupunguza kodi, kwa hiyo kampuni iliyozoea kulipa kwanza halafu itafute makaratasi baadaye imelazimika kupindua mpangilio wote wa malipo. Kwetu malipo ya serikali yanaenda kwa kontroo namba, na ile namba ina muda wake, sasa kama idhini zenu za ndani zinachukua siku nyingi namba inakufa kabla hela haijatoka, mnaanza upya, na mzigo bandarini unaendelea kuhesabiwa siku. Hapo mtu wa IT akisema "malipo ni ya wahasibu" anajidanganya, foleni ya idhini ipo ndani ya mfumo wake.

Wapo wanaosema basi ufundi umekwisha, tusome biashara tu, hapo siko nao. Usalama wa mitandao unahitaji watu wa kazi kuliko wakati wowote, na kuunganisha mifumo bado ni kazi ngumu. Angalia malipo ya simu. Safaricom wa Kenya walifungua Daraja, mlango wa kuunganisha programu nyingine na M-Pesa, 2017 na kuunganisha M-Pesa na mfumo wa kampuni ikawa kazi ya siku chache kwa devolopa mzuri. Halafu wateja wanaanza kulipa, na mmoja badala ya kuandika namba ya invoisi anaandika jina lake, mwingine la mke wake, mwingine analipa nusu, mwingine anamlipia jirani. Hela imeingia, haina mwenyewe. Inakaa akaunti gani? Nani anaitafutia mwenyewe, kwa siku ngapi, na mteja akipiga simu anaambiwa nini? Nimeona kampuni ina mamilioni yamelala kwenye hiyo akaunti ya kusubiri huku ikiwadai walewale walioyalipa. Anayemaliza hilo ni mtu anayeweza kusoma programu ilivyoandikwa na kukaa na dawati la wateja siku hiyohiyo, na watu wa hivyo bado ni wachache sana, ndo maana nasema vijana msikimbie.

Shida iliyobaki ni mabosi. Makampuni mengi bado yanamwita mtu wa IT mkataba ukishasainiwa, anaambiwa mfumo unafika mwezi ujao ausimike. Kwenye tangazo la kazi wanaandika wanataka mtu anayeelewa biashara, halafu anaajiriwa anapewa meza karibu na printa na hakuna kikao anachoalikwa. Hapo inabidi ulazimishe kidogo, ulete kitu mezani, ile eksel ya safu tatu inasaidia sana, meneja wa fedha akiona siku tisa anauliza mwenyewe.

Nilipo sasa, kijana mpya wa IT akiajiriwa wiki mbili za kwanza simpi laptopu yenye nywila za maana, nampeleka stoo, halafu mauzo, halafu uhasibu ikibahatika ikiwa mwisho wa mwezi. Wa mwisho alirudi siku ya nne na picha kwenye simu yake, kaunta buku la pili, jembamba, linakaa kwenye droo ya muuzaji wa kaunta, la wateja wanaochukua leo na kulipa Ijumaa. Mimi nipo pale mwaka wa tano na sikuwahi kuliona.